Umehamia Linux, C na D bado zimekalia diski: jinsi ya kupanga upya patisheni

Windows 10 iliacha kupokea masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta mpakato ya mtumba isiyo na TPM 2.0 (chipu ya usalama) haikidhi masharti ya Windows 11, kwa hiyo wengi walioinunua Kariakoo au kurithishwa ofisini wanahamia Linux Mint. Kuhama kwenyewe ni kazi ya saa moja. Shida huanza miezi mitatu baadaye: Mint inalalamika kwamba diski imejaa, na huku zaidi ya GB 100 za iliyokuwa C zimekaa bure.

Sababu ni jinsi mfumo ulivyowekwa kwenye patisheni, yaani vipande ambavyo diski hugawanywa. Mara nyingi fundi hupunguza D kidogo, anaweka Linux kwenye kipande kilichobaki mwishoni, na C anaiacha "kwa tahadhari". Mwongozo huu unaanzia hapo. Mfano wetu ni diski ya GB 500, ambayo kompyuta huionyesha kama 465 kwa sababu mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, na kompyuta huhesabu kwa mafungu ya 1,024. Hujaibiwa.

Soma diski kabla ya kuigusa

Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika:

lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,LABEL,MOUNTPOINT,MODEL

Kwenye mfano wetu utaona hivi (ntfs ni mfumo wa faili wa Windows, ext4 ni wa Linux, na kupachikwa ni patisheni kuunganishwa na folda ambamo faili zake hufunguliwa):

sda1, MB 100, vfat, imepachikwa /boot/efi
sda2, MB 16, haina mfumo wa faili
sda3, GB 120, ntfs, iliyokuwa C
sda4, MB 530, ntfs, ya kurejesha Windows
sda5, GB 290, ntfs, iliyokuwa D
sda6, GB 55, ext4, imepachikwa /

Diski za NVMe huandikwa nvme0n1p1, nvme0n1p2 na kuendelea, ila mantiki ni ileile. Nakili orodha hii kwenye karatasi, siyo kwenye kompyuta hiyohiyo. Utakapowasha kutoka kwenye fleshi, majina yanaweza kubadilika: fleshi ikawa sda na diski yako ikawa sdb. Kinachokuambia ukweli ni ukubwa na modeli, siyo herufi.

Hapo juu kuna kitu kimoja ambacho hakifutwi kamwe, nacho ni sda1. Ni kidogo, kina jina geni, na kiliundwa na Windows, kwa hiyo mtu anayefagia "takataka za Windows" hukifuta cha kwanza. Humo ndimo kilimo kianzishi cha Mint pia, yaani programu inayoiwasha. Ukikifuta, asubuhi kompyuta inakuambia haioni mfumo wowote, japo faili zako zote zipo salama. sda2 ni akiba ya Windows tu. Ukiiacha hupotezi kitu, kwa hiyo iache.

Kama orodha yako haina patisheni ya vfat, huenda kompyuta ni ya zamani na inatumia MBR, jedwali la patisheni la mtindo wa zamani. Hakikisha kwa amri ya sudo parted -l. Ikiandika msdos, kumbuka MBR hubeba patisheni kuu nne tu. Ukitaka zaidi, moja kati ya hizo nne lazima iwe ya kupanuliwa, ndani yake ndimo unapotengeneza nyingine. Ikiandika gpt, nambari siyo tatizo, zinafika 128.

C bado ina vitu vyako

Watu husema, "Vyangu vyote viko D." Ni nadra kuwa kweli. Kilichokuwa juu ya meza ya Windows, yaani zile ikoni zilizojaa skrini nzima, kilikuwa ndani ya C kwenye folda ya Users. Folda za Documents, Downloads na Pictures nazo zilikuwa humo. Baadhi ya programu za mahesabu ya duka huweka hifadhidata kwenye ProgramData, folda ambayo Windows huificha, kwa hiyo mwenye duka hajawahi kuiona. Fungua C kwa kidhibiti faili cha Mint, kisha pima kilichomo:

sudo du -sh /media/*/*/Users/* /media/*/*/ProgramData/*

Ikikataa kufunguka na lsblk ikaandika BitLocker badala ya ntfs, C imefungwa kwa usimbaji. Mint itakuomba nywila au ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeiwasha kompyuta mara ya kwanza, na kwenye mtumba huyo anaweza kuwa mfanyakazi wa kampuni ya ng'ambo. Bila ufunguo hakuna fundi wa kuifungua. Usimlipe anayekuahidi.

Ikifunguka kwa kusoma tu bila kuandika, Windows ilizimwa nusunusu. Kipengele chake cha kuwaka haraka huacha sehemu ya mfumo imelala ndani ya diski. Kwa kunakili, kusoma kunatosha. Kama bado unaitumia Windows sambamba na Linux, ingia humo, fungua kidirisha cha amri kama msimamizi, andika powercfg /h off, kisha zima kabisa.

Nakala, halafu umeme

Kubadili patisheni bila nakala ya faili ni kamari. Tafuta diski ya nje yenye nafasi ya kutosha, nakili vya C na D, halafu hakiki. Kuona kwamba folda zipo hakutoshi. Amri hii husoma kila faili pande zote mbili na kutaja zilizotofautiana:

rsync -rcni /njia/ya/D/ /njia/ya/nakala/

Ikimaliza bila kutaja kitu, nakala ni nzima. Ni ya polepole, iache usiku.

Kama unanunua fleshi au diski ya nje kwa kazi hii, ipime kabla ya kuiamini. Ziko fleshi zilizoandikwa TB 2 ambazo ndani zina GB 32. Hukubali kuandikiwa bila kulalamika, kisha faili za mwisho zinakuwa bovu. Weka programu ya f3 (sudo apt install f3), endesha f3write halafu f3read kwenye fleshi hiyo. Itaijaza yote na kukuambia ni kiasi gani kweli kinasomeka.

Pima na diski ya ndani yenyewe, hasa ya mtumba:

sudo apt install smartmontools
sudo smartctl -a /dev/sda

Kwenye diski ya kuzunguka (HDD) tazama Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, nambari ya mwisho kulia. Sifuri ni nzuri. Ya pili ikiwa juu ya sifuri, kuna sehemu za diski zinazoshindwa kusomeka. Hiyo usiipange upya: nakili kilichomo, nunua nyingine. Kuhamisha patisheni kunailazimisha diski kusoma kila kona, na diski inayokufa hufia hapo.

Sasa umeme. Andika upower -i $(upower -e | grep BAT) usome mstari wa capacity. Betri ya mtumba iliyobaki na asilimia 35 ya uwezo wake haitakubeba umeme ukikatika katikati ya kazi ya saa mbili. Anza kazi fupi betri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa. Kompyuta ya mezani haina betri kabisa, kwa hiyo azima UPS. Weka kompyuta juu ya meza, siyo kitandani: joto la Dar na diski inayofanya kazi mfululizo havipatani na feni iliyozibwa na shuka.

Nafasi huungana na jirani tu

Patisheni ni kipande kimoja kisichokatika, kina mwanzo na mwisho. Ukiifuta C, GB 120 zinazoachwa ziko kushoto, mwanzoni mwa diski. Mint iko kulia kabisa. D imesimama katikati. Huwezi kumpa Mint nafasi hiyo bila kwanza kuisukuma D yote kuelekea kushoto, baiti kwa baiti.

Kuongeza patisheni upande wake wa kulia ni kazi ya sekunde chache, kwa sababu mwanzo haubadiliki na faili hazisogei. Kuhamisha mwanzo ni jambo jingine. Kwa D ya GB 290 kwenye diski ya kuzunguka inayosoma na kuandika yenyewe kwa kasi ya MB 35 kwa sekunde, ni kama saa mbili na nusu. Umeme ukikatika humo ndani, nusu ya patisheni iko mahali papya, nusu mahali pa zamani, na hakuna amri ya kuirudisha. Kisha utarudia kwa Mint yenyewe.

Ushauri wetu: usihamishe. Linux haikulazimishi kuunganisha nafasi ili uitumie. Patisheni yoyote, popote ilipo, inaweza kupachikwa kwenye folda unayoitaka. Kinachoijaza Mint kwa kawaida ni /home, yaani picha, video, vipakuliwa na faili za kivinjari. Basi iliyokuwa C na iwe /home. Mfumo ubaki na GB 55 zake, ambazo zinautosha vizuri.

Kuigeuza C kuwa /home

Washa kutoka kwenye fleshi ileile uliyowekea Mint. GParted, programu ya kupanga patisheni, imo ndani, huna haja ya kuchoma bando. Kama fleshi hukuitunza, GParted ina toleo lake la kujitegemea ambalo halifiki GB 1.

Fungua GParted, juu kulia chagua diski sahihi kwa ukubwa. Patisheni yenye alama ya ufunguo imepachikwa. Bofya kulia uipachue kwanza, na kama ni ya swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM), izime. Futa sda3. Futa sda4, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kurejesha Windows usiyoihitaji. Nafasi hizo mbili zinakuwa moja, takriban GB 120.5. Tengeneza humo patisheni mpya ya ext4, lebo iite nyumba.

Mpaka hapa hakuna kilichotokea. GParted hupanga tu foleni ya kazi chini ya dirisha. Isome foleni hiyo mstari kwa mstari ukilinganisha na karatasi yako. Je, imetaja sda5 popote? Imetaja sda1? Ikiwa safi, bofya alama ya vema ya kijani. Kuanzia hapo hakuna kurudi.

Sasa terminali, bado ndani ya fleshi. Hakiki majina tena kwa lsblk, kisha:

sudo -i
mkdir /mnt/mfumo /mnt/nyumba
mount /dev/sda6 /mnt/mfumo
mount /dev/sda3 /mnt/nyumba
rsync -aHAX --info=progress2 /mnt/mfumo/home/ /mnt/nyumba/

Tazama vizuri mkwaju (/) ulio mwishoni mwa /mnt/mfumo/home/. Ukiwepo, rsync hunakili kilichomo ndani ya home. Ukiusahau, inanakili home yenyewe, na ukiwasha unapata /home/home/jina lako. Mfumo haukuti folda yako, unaweka nywila sahihi na skrini inakurudisha palepale. Ni mkwaju mmoja tu, na umewafanya watu wengi waweke mfumo upya bure.

Endelea:

mv /mnt/mfumo/home /mnt/mfumo/home.zamani
mkdir /mnt/mfumo/home
blkid -s UUID -o value /dev/sda3
nano /mnt/mfumo/etc/fstab

Amri ya tatu hutoa utambulisho mrefu wa patisheni. Ndani ya fstab, faili linaloorodhesha patisheni za kupachikwa kompyuta ikiwaka, ongeza mstari mmoja chini, ukibandika utambulisho huo:

UUID=utambulisho-wako /home ext4 defaults,noatime 0 2

Tumia UUID, siyo /dev/sda3. Nambari hubadilika ukifuta na kuunda patisheni, UUID haibadiliki mpaka ufomati. Hifadhi, zima, chomoa fleshi, washa. Andika findmnt /home. Ikijibu sda3, umefaulu. Ikisubiri kama dakika moja na nusu kisha ikakutupa kwenye skrini nyeusi ya dharura, umekosea herufi kwenye fstab. Rudi kwenye fleshi, pachika sda6, sahihisha mstari. Hakuna kilichopotea.

home.zamani iache wiki moja. Ukiridhika, sudo rm -r /home.zamani, na Mint inapumua.

D: ibaki NTFS au isibaki?

Kama Windows bado ipo na unaitumia, D ibaki NTFS, ndiyo lugha mnayoelewana wote. Kama Windows imekwenda moja kwa moja, ibadilishe. NTFS inafanya kazi kwenye Linux, lakini ikiharibika, chombo chake halisi cha ukarabati, chkdsk, kiko Windows. Amri ya ntfsfix ya Linux hurekebisha madogo tu. Kubaki na GB 290 za picha za familia kwenye mfumo wa faili usioweza kuukarabati nyumbani ni kujitafutia siku mbaya.

Hakuna njia ya kuaminika ya kugeuza NTFS kuwa ext4 papo kwa papo. Unanakili kwenda nje, unahakiki, unafomati, unarudisha. Ukishafomati fanya mambo mawili ambayo husahaulika.

Kwanza, ext4 huwekea mtumiaji mkuu akiba ya asilimia 5. Kwenye GB 290 hiyo ni GB 14.5 unazozikosa bila kujua. Kwa patisheni ya mfumo akiba hiyo ina maana, kwa ya picha na video haina. Ipunguze:

sudo tune2fs -m 1 /dev/sda5

Pili, patisheni mpya ni mali ya mtumiaji mkuu, kwa hiyo ukijaribu kubandika faili utakataliwa. Ongeza mstari wake kwenye fstab ukiielekeza /data, na hapa andika defaults,noatime,nofail ili siku ikileta hitilafu kompyuta iwake hata hivyo. Kisha:

sudo mkdir /data
sudo systemctl daemon-reload
sudo mount -a
sudo chown $USER: /data

Fuata mpangilio huo. Ukifanya chown kabla ya mount, umebadilisha mmiliki wa folda tupu iliyo chini, siyo wa patisheni.

Mabaki ya kianzishi

Menyu ya kuwashia inaweza kuendelea kuitaja Windows isiyokuwepo. sudo update-grub huiondoa, ukishafuta folda ya Microsoft inayotajwa hapa chini. Ikiwa jina la Windows bado linaonekana kwenye menyu ya kompyuta yenyewe, ile ya F12 au F9, endesha sudo efibootmgr, tafuta nambari ya Windows Boot Manager, mfano 0003, kisha sudo efibootmgr -b 0003 -B.

Ndani ya /boot/efi/EFI kuna folda ya Microsoft ambayo sasa unaweza kuifuta. Iliyo jirani yake inaitwa ubuntu. Hujawahi kuweka Ubuntu, sawa, lakini hiyo ndiyo ya Mint, kwa kuwa Mint imejengwa juu ya Ubuntu na hutumia jina hilo. Iache, pamoja na ile ya BOOT.

Kwa waliohamia Windows 11

Kwenu tatizo la kawaida ni kitufe cha kupanua C kuwa kijivu, ingawa mmefuta D na nafasi ipo. Kanuni ni ileile ya jirani: fungua diskmgmt.msc mtaona patisheni ya kurejesha, MB mia kadhaa, imesimama kati ya C na nafasi tupu. Zana ya Windows haiwezi kuiruka.

Kabla ya lolote, andika manage-bde -status. Kama C imesimbwa, achana na njia ya kuifuta patisheni hiyo, kwa sababu mazingira ya kurejesha hayatakubali kukaa ndani ya C iliyosimbwa. Tengeneza E kwenye nafasi tupu, hamishia humo video na vipakuliwa, yatosha. Kama haijasimbwa, fungua kidirisha cha amri kama msimamizi: reagentc /info ikupe nambari ya patisheni yenyewe, reagentc /disable ihamishie mazingira ya kurejesha ndani ya C, kisha diskpart, select disk 0, select partition na nambari uliyoiona, delete partition override. Panua C, malizia kwa reagentc /enable.

Na kabla ya kufuta D kutafuta nafasi, angalia kama kuna folda ya Windows.old. Ni mfumo wa zamani mzima, hukaa siku 10 baada ya kuhama kisha Windows huuondoa. Mwenye haraka anaweza kuuondoa mwenyewe kupitia usafishaji wa diski, akijua hataweza tena kurudi nyuma.

Ukifuta isiyo yenyewe

Acha hapo hapo. Usifomati, usinakili kitu, usiwashe mfumo ulio kwenye diski hiyo. Kufuta patisheni huondoa mstari kwenye jedwali tu, faili zenyewe bado zipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Washa kutoka kwenye fleshi, weka testdisk (programu ya kutafuta patisheni zilizopotea), chagua diski, ichambue. Ikiziona patisheni za zamani, inaweza kuandika jedwali upya.

Kazi hiyo inakuwa ya dakika moja kama jedwali ulilihifadhi mapema kwenye fleshi nyingine, kabla ya kufungua GParted:

sudo sfdisk -d /dev/sda > jedwali.txt

Kulirudisha ni sudo sfdisk /dev/sda < jedwali.txt, mradi patisheni iliyofutwa haijafomatiwa. Faili lenyewe halifiki hata KB 4. Jitumie na kwenye simu.